Waranti ya ziada ya gari: maswali wanayouliza wenye magari wa Mombasa

Majibu haya ni ya mtu aliyeletewa karatasi ya waranti ya ziada aitie sahihi, yadini au shoroomu, na anataka kujua kama pesa hiyo itamrudia siku gari litakapogoma. Bei tulizotumia kwenye mahesabu ni za mfano. Weka za karatasi yako.

Waranti ya ziada ni kitu gani hasa?

Ni mkataba wa kulipiwa matengenezo gari likiharibika lenyewe, baada ya waranti ya kiwanda kwisha au pale ambapo haikuwepo tangu mwanzo. Unalipa kwa mkupuo au kila mwezi, nao wanaahidi kulipia vipuri vilivyoandikwa, kwa muda ulioandikwa, mpaka kiasi kilichoandikwa. Alichokwambia muuzaji kwa mdomo hakimo. Akikuahidi kitu, mwambie akiandike pembeni ya karatasi na aweke sahihi na muhuri. Akisita, umeshapata jibu.

Nina bima kamili. Haitoshi?

Bima inalipa ajali, wizi na moto. Giaboksi ikifa barabarani bila kugongwa na mtu, bima hailipi, kwa sababu uharibifu wa mitambo na uchakavu huondolewa wazi kwenye mikataba ya bima ya magari. Waranti nayo hailipi ajali. Kuna kijishimo katikati ya viwili hivi: maji ya mvua yakiingia kwenye injini, watu wa waranti watasema hilo ni janga na watu wa bima watauliza kama uliendesha kwa makusudi ndani ya maji. Piga simu kwa kampuni yako ya bima kabla ya masika, uulize kama mafuriko yamo, na uombe jibu kwa maandishi.

Gari langu limetoka Japani. Waranti ya kiwanda bado ipo?

Usiitegemee. Waranti za kiwanda za Japani kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari zima, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini, gia na sehemu nyingine kubwa, lolote litakalotangulia. Zimewekwa kwa soko la Japani. Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka 8, na mengi yanayoshushwa Kilindini yanakaribia umri huo, kwa hiyo hata kama waranti ingevuka bahari, muda wake ungekuwa umeshapita. Wakala wa kampuni hapa nchini anawajibika kwa magari aliyoyauza yeye, ambayo mara nyingi huja na miaka 3 au kilomita 100,000.

Kwa hiyo yadi ikikuambia "hii Fielder bado iko na waranti ya Toyota," iombe karatasi yenye nambari ya chesisi ya gari hilo na jina la atakayelipa Kenya.

Tuambieni wazi: inafaa au haifai?

Kwa gari dogo la kawaida la Toyota lenye injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), lililokaguliwa vizuri kabla ya kununuliwa, na mwenyewe ana namna ya kupata laki moja ndani ya wiki moja likitokea la kutokea: hapana. Weka pesa hiyo pembeni.

Inaanza kuwa na maana mambo matatu yakikutana. Gari lina kifaa kimoja ghali kinachojulikana kusumbua, kama gia ya CVT (ya mkanda badala ya meno), gia ya DSG (ya klachi mbili) yenye klachi kavu, tabo, au betri ya haibridi, gari la petroli na umeme pamoja. Mkataba unakitaja kifaa hicho kwa jina, na kikomo cha malipo kinatosha kukinunua na kukifunga. Na wewe huna akiba ya kukibadilisha leo. Likikosekana moja kati ya hayo, unanunua karatasi.

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Tuseme waranti ni KSh 60,000 kwa miezi 24. Kila ukidai, KSh 5,000 za mwanzo ni zako, ile wanayoiita eksesi. Kikomo ni KSh 100,000 kwa dai moja, na eksesi inakatwa humo humo.

Gia inakufa, na kuibadilisha ni KSh 140,000. Wao wanatoa 95,000, wewe unaongeza 45,000. Ukijumlisha na 60,000 ya waranti, imekutoka 105,000. Bila waranti ingekutoka 140,000. Umeokoa 35,000. Lakini uharibifu ukiwa mdogo, kwa mfano altaneta ya 18,000, unapata 13,000 tu kwa karatasi ya 60,000. Ili pesa yako irudi kwa dai moja, uharibifu lazima ufike 65,000.

Sasa jiulize swali ambalo muuzaji hawezi kukuuliza: uwezekano wa gia hiyo kufa ndani ya miezi 24 ni kiasi gani? Gawanya 60,000 kwa 95,000 unapata kama asilimia 63. Yaani, ili karatasi hii ijilipe, kati ya magari kumi kama lako, zaidi ya sita yawe yatakufa gia ndani ya miaka miwili. Kama kweli unaamini hivyo kuhusu gari unalotaka kununua, usilinunue gari.

Upande wa pili wa hesabu: 60,000 kwa miezi 24 ni 2,500 kwa mwezi. Ukiweka kiasi hicho kwenye sacco, baada ya miezi 24 pesa yote ni yako na riba yake, hata kama hakuna kilichoharibika. Ubaya wa njia hii ni wakati. Gia ikifa mwezi wa tatu una 7,500 tu. Kwa hiyo anayeanza na akiba ya mkupuo yuko salama zaidi kuliko anayeanza sufuri. Kama ulikuwa tayari kulipa 60,000 za waranti siku ya kununua gari, unayo hiyo akiba ya mkupuo: ifungie mahali usipoweza kuichota kwa shughuli za harusi.

Waranti hukataa nini, na kwa nini Mombasa inaumia zaidi?

Soma ukurasa wa visivyolipwa kabla ya ukurasa wa vinavyolipwa. Karibu kila mkataba unaondoa kutu, uchakavu wa kawaida, ukosefu wa sevisi, kuchemsha injini, na kasoro iliyokuwepo kabla ya mkataba kuanza. Magari ya Pwani yanauawa na mambo hayo hayo.

Anza na chumvi. Hewa ya bahari, na yale maji ya mteremko wa feri Likoni yanayorukia chini ya gari, hula paipu za breki, sehemu za kufungia shoki, viunganishi vya waya na kondensa ya AC iliyoko mbele kabisa. Fundi akiandika "kutu" kwenye ripoti, dai limekwisha, hata kama kifaa chenyewe kimo kwenye orodha ya vinavyolipwa. Dawa yake ni rahisi kuliko waranti yoyote: osha chini ya gari kwa maji matamu angalau mara moja kwa wiki kama unavuka feri kila siku, na upulizie nta ya kuzuia kutu ndani ya chesisi na milango mara moja kwa mwaka.

Halafu maji ya rejeta. Hili tunaomba ulishike. Maji ya visima vya Mombasa mengi yana chumvi, na gereji nyingi hujazia rejeta maji ya mfereji au ya kisima bila kuwaza. Chumvi hiyo inakula silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ya aluminiamu, inakwangua wota pampu na kuziba vijia vya rejeta. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kofia ya rejeta, chovya kidole. Kulanti, kimiminika cha kupoozea injini, ikiwa nzuri ni ya waridi, kijani au buluu, na inapenyeza mwanga. Ukitoa kidole kina rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ukikisugua unahisi vichembe kama mchanga, ujue hilo gari limekunywa kisima kwa muda mrefu. Siku hedi itakapopinda, mkaguzi wa waranti ataanza na kofia hiyo hiyo. Kulanti unayopaswa kutumia ni ile iliyokwisha kuchanganywa, au nusu kulanti na nusu maji yaliyochemshwa kwa kukusanya mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri.

Kuchemsha ni habari nyingine. Vitz, Axio, Aqua na nyingi za jinsi hiyo hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikizidi moto. Nyekundu ikiwaka kwenye foleni ya daraja la Nyali, egesha na uzime. Ukisema "nifike Kongowea tu," gasketi ya hedi inaungua, na mkataba una kifungu kinachosema uharibifu uliotokana na kuendelea kuendesha baada ya onyo haulipwi. Kompyuta ya gari mara nyingi huhifadhi kumbukumbu ya joto lile, kwa hiyo kukana hakusaidii.

AC nayo inastahili kuangaliwa peke yake, maana hapa inafanya kazi mwaka mzima. Mikataba mingi inalipa kompresa na kuacha kondensa, paipu, oringi na gesi. Lakini gesi ya R134a ndiyo inayovuja, na kompresa hufa baadaye kwa kukosa oili inayosafiri na gesi hiyo. Ukipelekwa kujaziwa gesi kila baada ya miezi mitatu bila mtu kutafuta panapovuja, unalipa kuiua kompresa. Mwambie fundi atie rangi ya kuonyesha uvujaji au apime kwa naitrojeni, na ajaze kwa mizani, sio kwa kukisia. Uzito wa gesi umeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Magari madogo mengi ni kati ya gramu 400 na 500.

Gari lina gia ya CVT. Ninunue waranti?

Hapa ndipo waranti inapokaribia kuwa na haki ya kuwepo. CVT haina meno ya gia kama giaboksi ya kawaida. Ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Mkanda ukianza kuteleza, vumbi la chuma linasambaa, vali zinakwama, na mara nyingi hakuna wa kuifungua akairudisha ilivyokuwa. Unabadilisha nzima, na utakayopewa huenda ni ya kutoka gari lililovunjwa Japani, isiyojulikana imekula kilomita ngapi.

Kabla hujalipa chochote, ipime. Endesha kwa dakika 30 AC ikiwa imewashwa, mpaka ipate moto sawasawa. Gia mbovu nyingi zinajificha zikiwa baridi. Simama, weka R, kisha D, na uhesabu. Ikishika baada ya zaidi ya sekunde moja au ikishika kwa kishindo, tahadhari. Kisha ondoka polepole na usikilize kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa: mtetemo kama wa gari linalopita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani, ni dalili ya mkanda. Mwisho ipeleke mlima wa Mazeras. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisiongeze mwendo, inateleza.

Oili yake ndiyo inayozua ugomvi na watu wa waranti. Nissan wanataka NS-2 au NS-3 kulingana na gia, Honda wana HMMF au HCF-2, Toyota wana TC au FE. Ukiweka oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni nyekundu na ni rahisi, gia inaanza kuteleza ndani ya muda mfupi na dai lako limekufa. Badilisha kila kilomita 40,000 katika joto letu, uhifadhi kopo tupu au picha ya kopo likionyesha jina la oili, pamoja na risiti.

Ukiamua kununua waranti kwa ajili ya CVT, tafuta maneno mawili kwenye mkataba: kwamba gia ya CVT imetajwa, na kwamba watakulipia giaboksi nzima na sio "kipuri kilichoshindwa" peke yake. Wakilipa bei ya vali moja wakati gia nzima imejaa vumbi la chuma, hawajakulipa.

Na haibridi kama Aqua au Prius?

Betri kubwa ya Aqua ina moduli 20, ya Prius nyingi 28, zilizofungwa kwa mfululizo. Moja ikidhoofika, inazivuta nyingine. Mafundi wengine hubadilisha moduli moja tu. Gari linatembea, kisha baada ya miezi michache nyingine inafuata. Uliza kama mkataba unalipa betri nzima au moduli, na kama unalipa kwa thamani iliyopunguzwa na umri. Betri ya miaka 9 "iliyopunguzwa kwa umri" inaweza kukupa kiasi cha kununulia matairi.

Kitu kinachoziua hapa Pwani ni joto. Betri inapoozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Abiria wakiweka mkoba hapo, au chujio likijaa vumbi na nywele, betri inachemka. Lifungue na kulisafisha kila kilomita 10,000, na uwashe AC ukiwa kwenye foleni hata kama wewe binafsi huhisi joto.

Wanasema "waranti kamili." Maana yake nini?

Haina maana yoyote ya kisheria. Angalia umbo la karatasi. Kuna mikataba inayoorodhesha vinavyolipwa: kisichotajwa hakilipwi. Na kuna inayoorodhesha visivyolipwa: kisichotajwa kinalipwa. Ya pili ni bora zaidi na kwa kawaida ni ghali zaidi. Ukiona "injini" tu kwenye orodha ya kwanza, uliza kama ni vyuma vinavyozama kwenye oili peke yake, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo, na hapo altaneta, stata, wota pampu, sensa na hata gasketi zinakuwa nje.

Nisome vifungu gani kabla ya kutia sahihi?

Kikomo cha dai moja na kikomo cha jumla ni tofauti, tafuta vyote. Tafuta pia kiwango cha ufundi: wengine hulipa saa chache tu za kazi kwa bei yao, na gereji inakutoza tofauti. Siku za kungoja, ambazo mara nyingi ni 30 tangu kutia sahihi, ambapo hakuna kinacholipwa. Gereji zinazokubaliwa: kama zote ziko Nairobi, uliza nani analipa gari la kuvuta kwa kilomita karibu 480. Na swali ambalo watu husahau: nani analipa kufungua injini ili kujua tatizo? Kwenye mikataba mingi, likigunduliwa tatizo lisilolipwa, gharama ya kufungua na kufunga ni yako.

Angalia pia ni nani aliye nyuma ya ahadi. Yadi ikiahidi yenyewe na ikafungwa mwakani, waranti imefungwa nayo. Kama wanasema kuna kampuni ya bima nyuma yao, chukua jina lake, uthibitishe kwenye orodha ya kampuni zenye leseni ya mamlaka ya bima, IRA, kisha uipigie kampuni hiyo yenyewe kuuliza kama inaijua bidhaa hiyo.

Yadi imenipa waranti ya miezi 3 bure. Nichukue?

Chukua, haikugharimu kitu. Ila itumie: ndani ya wiki ya pili peleka gari kwa fundi usiyeletewa na yadi, achomeke mashine ya kusoma kompyuta, apime mgandamizo wa silinda, aangalie chini ya gari. Chochote atakachokuta, kipeleke yadi kwa maandishi siku hiyo hiyo. Hata bila waranti, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara wa magari auze kitu chenye ubora unaofaa, isipokuwa kasoro ambazo ungeziona ulipolikagua. Na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 haikubali haki hiyo iondolewe kwa muhuri wa "limeuzwa kama lilivyo."

Benki imeiweka ndani ya mkopo, eti "ni kidogo tu kwa mwezi."

60,000 hizo kwa riba ya asilimia 15 inayopungua na deni, kwa miezi 36, zinakuwa kama 74,900. Kwa riba isiyopungua zinakuwa 87,000. Na waranti ya miezi 24 inakwisha huku bado unailipa mwaka mzima. Uliza kama ni sharti la mkopo. Mwambie ofisa akuonyeshe kifungu. Kama si sharti, itoe. Kama ni sharti, ilipe kwa mkupuo nje ya mkopo.

Gari ni la taksi ya programu au la kukodisha watalii.

Usinunue, isipokuwa mkataba unaitaja kazi hiyo kwa jina. Matumizi ya biashara huondolewa karibu kila mahali, na safari zako zimo kwenye simu.

Lazima nifanye sevisi kwao?

Soma mkataba. Ukikuruhusu gereji yoyote, basi kazi yako ni ushahidi. Kila sevisi iwe na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA), na mwambie fundi aandike nambari ya gari, kilomita, aina ya oili na lita zilizoingia. Daftari lililogongwa mihuri siku moja kwa kalamu moja halimdanganyi mkaguzi. Muda wa sevisi nao ni jambo la kukaza: wakiandika kila kilomita 5,000 au miezi 6, na wewe ukafika 6,200, wana sababu ya kukataa dai la injini. Wengine huruhusu kupitiliza kidogo, kama kilomita 500. Lazima iwe imeandikwa.

Kama gari limetoka nje, linganisha kilomita tangu mwanzo. Cheti cha kufuta usajili cha Japani huonyesha usomaji wa ukaguzi wa huko, na karatasi ya ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa ina wake. Zikipingana na dashibodi, rudisha gari kabla ya kufikiria waranti, maana kilomita zilizorudishwa nyuma zinabatilisha mkataba hata kama aliyezirudisha si wewe.

Gari limegoma. Nifanye nini ili dai lisikataliwe?

Zima. Piga picha ya dashibodi yenye taa zote na kilomita zikionekana. Piga simu kwa watoa waranti kabla ya fundi yeyote kugusa boneti, na uandike saa, jina la aliyepokea na nambari ya dai. Gari livutwe. Kama ni la CVT au haibridi, magurudumu yanayoendeshwa na injini yasiguse lami, ama libebwe juu ya kitanda cha gari la kuvuta. Ukilivuta kwa kamba kutoka Mtwapa hadi Buxton magurudumu yakizunguka, unaiua gia isiyopata oili, na watakataa kwa haki.

Gerejini, usiruhusu kufunguliwa mpaka upate idhini kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Idhini iseme wanakubali kulipa nini na mpaka kiasi gani. Vipuri vya zamani vikae kwenye boksi na visitupwe. Oili iliyomwagwa nayo ihifadhiwe kwenye chupa safi, kwa sababu ndani yake ndimo ushahidi wa chuma na maji ulimo.

Wamekataa. Nimekwisha?

Bado. Waombe sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu. Kama wanasema "uchakavu," mwombe fundi mwingine aandike ripoti ya nini kilishindwa kwanza na kwa nini. Wakisema "kasoro ya zamani," toa ripoti ya ukaguzi wa siku ya kununua. Hii ndiyo sababu tunasisitiza ukaguzi ufanywe na ripoti ibaki nawe. Maneno yenye utata kwenye mkataba wa mtumiaji husomwa kwa faida ya mtumiaji chini ya sheria ile ya 2012. Wakishikilia msimamo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, Mombasa ipo, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, risiti, picha na zile ripoti mbili zimepangwa kwa tarehe.

Nikiuza gari, waranti inahama?

Ikiwa mkataba unasema hivyo tu. Mara nyingi kuna ada na muda wa kutoa taarifa baada ya umiliki kubadilishwa NTSA (mamlaka ya usafiri inayosajili magari), ukiuchelewesha inafutika. Kama haihami, uliza kama unarudishiwa sehemu ya muda uliobaki. Iombe barua ya kufuta na hesabu ya kilichobaki kabla ya kumkabidhi mnunuzi funguo, na kama waranti ilikuwa ndani ya mkopo, hakikisha pesa hiyo inakatwa kwenye salio la benki yako.